UZI: Buibui wa miguu mirefu amejaa kwenye depo yangu ya unga, Katuba. Nifagie au niache?

#1 MamaWaUnga
Jambo yenu nyote. Mimi nauza unga wa mahindi na maharagwe hapa Katuba, Lubumbashi. Nyuma ya nyumba, ndani ya parseli yetu, niko na depo ndogo ya matofali: haina dirisha, mabati juu, mlango mmoja wa mbao. Magunia nimeyapanga juu ya mbao yasiguse sakafu. Tangu mvua ianze, kona zote nne za juu zimejaa buibui. Si wale wanene weusi. Hawa kimwili chao ni chembamba kama punje ya mchele, miguu mirefu mpaka huelewi inaishia wapi, na wananing'inia tumbo juu mgongo chini.

Jana nimeinua fagio nikamgusa mmoja. Mama yangu! Alianza kujizungusha palepale alipo, mbio mbio, mpaka nikawa simwoni tena, naona ukungu tu unaotetemeka. Fagio likaniponyoka.

Mtoto wa mpangaji wangu, anasoma sekondari, akacheka akaniambia: "Mama, huyo ndiye mwenye sumu kali kuliko buibui wote duniani, bahati yetu meno yake ni mafupi." Mimi nina wajukuu wawili, wao ndio wanaoingia mle kunichotea unga. Nimeshanunua chupa ya dawa ya kupuliza. Lakini dawa na unga ndani ya chumba kimoja, moyo unakataa. Nifanye nini? Picha hii hapa, mnisamehe, simu yangu macho yake yamechoka.

#2 Petit_Kenya
Mama, miye ningefunga mulango, ufunguo natupa mu mto Lubumbashi, kiisha naanza biashara ya makala ya kupikia 😂
Na juu ya ile sumu ni kweli. Nilisikia vile pia ku masomo. Bote banajua.

(Kenya ya hapa kwetu Lubumbashi, musiniulize mambo ya Nairobi.)

#3 Fundi_Tofali
Petit, "bote banajua" ndiyo inayotuponza kila siku.

Mama, pole na hofu. Mimi nafyatua matofali upande wa barabara ya Kipushi, miaka mingi sasa. Udongo wetu tunautoa kwenye vichuguu, vile vikubwa ambavyo mgeni akifika Lubumbashi anadhani ni vilima. Ukibomoa kichuguu kilichohamwa na mchwa, upande wa kivuli ukakuta tundu, ndani yake yuko huyo huyo. Tukipanga matofali mabichi yakakaa wiki mbili tukisubiri kuni, katikati ya mapengo wameshatanda. Nimewaondoa kwa mkono, nimewatoa ndani ya shati, mmoja nilimkuta amelala ndani ya kofia yangu. Sijaumwa hata siku moja. Aliyenipiga mimi ni nge, na nge si mada ya leo.

Ila nina swali langu la siku nyingi kwa wanaosoma vitabu. Pale kazini vijana wangu wamegawanyika: mmoja anasema anatetemeka kwa hasira, mwingine anasema ni woga, wa tatu anasema anacheza rumba. Nani ana haki?

#4 Mwalimu_Ruashi
Wa woga ndiye aliye karibu zaidi, ingawa wa rumba ameniridhisha.

Mama, picha yako nimeikuza mpaka ikavunjika vipande, lakini inatosha kwa kuanzia. Tazama mambo matatu. Tumbo lake ni refu kama kipande cha kalamu, si mviringo. Miguu ina pete nyeusi-nyeusi karibu na maungio. Na utando wenyewe haukupangika kama gurudumu. Ni shuka legelege lililopinda, na juu yake nyuzi zimetupwa ovyo kama mtu aliyekatiza kazi. Hii ni familia ya Pholcidae, na kwa nyumba za huku kwetu, mwenye sura hiyo kwa kawaida ni wa jenasi (kundi dogo ndani ya familia) ya Smeringopus.

Jina ni gumu, lakini msilikimbie, maana huyu ni wetu. Pholcidae wapo karibu dunia nzima, lakini jenasi hii ni ya Afrika. Mfaransa Eugène Simon ndiye aliyeipa jina mwaka 1890. Halafu mwaka 2012 Bernhard Huber, mtaalamu wa makumbusho ya Koenig kule Bonn, Ujerumani, aliipitia upya yote, spishi moja baada ya nyingine, na nyingi zilikuwa hazijawahi kuandikwa popote. Akazipa majina ya mahali. Kuna Smeringopus harare, kuna butare, kuna isangi ya kule kwenye mto Kongo. Na kuna Smeringopus katanga. Ndiyo, katanga, huku kwetu, mmesoma vizuri. Mimi nilipoliona jina hilo mara ya kwanza nilisimama nikaenda kumwonyesha mke wangu, akaniuliza kama wanalipa.

Siwezi kusema wa Mama ni huyo. Kwa picha ya simu hakuna anayeweza. Spishi hizi hutenganishwa kwa hadubini, kwa kutazama viungo vya uzazi vya dume na jike. Tena ndani ya nyumba za watu mara nyingi anayekaa ni Smeringopus pallidus, yule ambaye amejibandika kwenye mizigo ya binadamu akasambaa katika nchi nyingi za joto, Asia na Amerika. Watu huhesabu vitu vinavyotoka Afrika na kusahau buibui.

Sasa swali la fundi. Buibui huyu hana silaha ya kujivunia. Ngozi laini, mwili mwepesi, miguu inayokatika upesi. Kinga yake ni kutoonekana alipo. Akiguswa, anashikilia nyuzi kwa ncha za miguu na kuuzungusha mwili kama jiwe ndani ya kombeo. Ndege, nyigu au fagio la Mama likija, halioni pa kupiga. Wataalamu wamelichunguza hili hata kwa Smeringopus pallidus na kwa binamu yake wa Ulaya. Yule binamu akiguswa tu huzunguka kidogo na kuacha. Lakini akijiwa na buibui mrukaji, yule anayewinda kwa macho, huzunguka muda mrefu sana. Yaani anajua ni nani aliyekuja.

#5 Petit_Kenya
Mwalimu, haujajibu juu ya sumu. Batoto beko mule ndani.

#6 YayaBruxelles
Nawasalimu wa nyumbani. Mimi mzaliwa wa Kamalondo, sasa niko Bruxelles. Huyo binamu wa Ulaya aliyetajwa na Mwalimu ninaishi naye. Hapa kila nyumba ya zamani ina kave, chumba cha chini ya ardhi, tunaweka baiskeli na viazi. Kwenye kave yetu wako kumi na kitu. Pholcus phalangioides. Jirani yangu mzee wa hapa hawaui, anasema tangu hawa wawepo, wale buibui wakubwa wenye manyoya hawaonekani tena.

Yule wa kwetu nyumbani tumbo lake kama kipande cha kalamu kama alivyosema Mwalimu, wa hapa ni wa kijivu-kijivu, hana pete za kuonekana. Lakini ukimpulizia, ngoma ni ileile. Mara ya kwanza kumwona akitetemeka nilisikia harufu ya depo ya bibi yangu, makala na samaki wa chumvi. Basi, nimetoka nje ya mada, mniwie radhi.

#7 Muuguzi_Zamu
Niko zamu, nitaandika upesi.

Juu ya sumu: buibui karibu wote wana sumu, kwa sababu ndivyo wanavyoua chakula chao. Swali ni kama inamdhuru mtu. Kwa huyu wa miguu mirefu hakuna kisa kinachojulikana cha mtu kufa au kulazwa. Na hiyo ya "meno mafupi" ilipimwa hadharani: mwaka 2004 kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani kilimshawishi Pholcus amuume mtangazaji mkononi. Meno yalipita ngozi, kwa hiyo ufupi si kinga. Mtangazaji alisikia kama kuchomwa kidogo, kukaisha muda si mrefu. Ndiyo hadithi yote.

Katika miaka yangu ya kazi hapa nimepokea walioumwa na nyoka, waliopigwa na nge, walioumwa na mbwa, mmoja aliumwa na mke mwenza. Wa buibui huyu, hata mmoja.

Lakini kwa kuwa mada imefunguka, kuna jambo la tandabui linaloniudhi. Watu bado wanachukua utando wa buibui wa darini, mweusi kwa vumbi na moshi, wanaubandika kwenye kidonda ili damu ikome. Damu inaweza kukoma. Kisha pepopunda. Mwezi uliopita nimemwosha kijana mguu, ndani ya jeraha nimetoa utando, kipande cha nzi na mchanga. Kidonda ni maji safi na sabuni, kitambaa safi kukibana, halafu kituo cha afya kwa sindano. Buibui mwachieni utando wake.

#8 Mzee_Kamalondo
Nimesoma yote na miwani yangu. Sikubaliani.

Hamjasema kitu kimoja: usafi. Sisi tulikulia kambi ya wafanyakazi. Mkaguzi alipita na kijiti, anapitisha kwenye kona za dari. Akikuta utando, mama wa nyumba anaitwa kwa jina mbele ya wengine. Marehemu mke wangu alifagia dari kila Jumamosi, buibui au hapana buibui. Nyumba yenye tandabui ni nyumba ya mvivu, na unga unaotoka kwenye depo ya tandabui mimi sinunui, hata mniletee profesa. Mama, fagia.

#9 Idi_wa_Kampemba
Mzee wangu, kwa heshima yote. Sisi Waislamu tumelelewa kutomgusa buibui kwa sababu ya ile habari ya pango la Thawr, Mtume na Abubakar wamejificha ndani, buibui akatanda mlangoni, waliowafuata wakaona utando mzima wakasema humu hajaingia mtu. Nyumbani kwetu marehemu baba alifagia kila kitu isipokuwa kona moja juu ya mlango. Na hakuna aliyetuita wavivu.

#10 Mzee_Kamalondo
Kona moja nakubali. Kona nne ni kambi.

#11 Mwalimu_Ruashi
Mzee yuko sahihi kuliko anavyodhani, tukitenganisha vitu viwili.

Ule utando mweusi, mzito, uliojaa vumbi na mabawa na mizoga, mara nyingi hauna mwenyewe. Ameuhama. Huo ufagie leo, tena juu ya chakula ufagie bila huruma, ukifunika magunia kwanza kwa turubai ili taka isidondokee unga. Utando ulio hai karibu hauonekani. Unamwona mwenyewe kwanza, nyuzi baadaye.

Na Mama, ukiona buibui mweupe mkavu ananing'inia hatetemeki hata ukipuliza, usidhani amekufa kwa dawa ya jirani. Ni ngozi tu. Akikua anaivua kama mtu avuavyo suruali iliyombana, miguu yote minane, anaiacha imening'inia. Wanafunzi wangu waliniletea ishirini kwenye kiberiti wakitaka tuwazike.

Kuhusu dawa ya kupuliza: kwenye chumba cha unga, hapana. Ile inayotua juu ya gunia itafika kwenye bukari, yaani ugali. Na itaua buibui, lakini fukusi aliye ndani ya punje ya mahindi haitamfikia. Utabaki na fukusi bila buibui.

#12 Petit_Kenya
Kwani buibui anakula fukusi?

#13 Mwalimu_Ruashi
Fukusi akitembea ndani ya gunia, hapana, buibui hashuki kumfuata. Anayenaswa ni anayeruka au anayepanda ukuta: nondo wale wadogo wa nafaka, mbu, nzi, sisimizi, kumbikumbi. Sikudanganyi kwamba yeye ni dawa ya depo. Ni mlinzi wa juu tu, chini tafuta mwingine.

#14 MamaWaUnga
Nimerudi. Aksanti mingi wote, hata wewe Petit.

Jumamosi nimefunika magunia, nimefagia. Mzee, zile kona mbili za nyuma nimezisafisha kabisa. Tandabui lililotoka lingejaza kofia ya fundi. Kona mbili za mbele, zilizo mbali na magunia, nimeziacha. Chupa ya dawa nimemrudishia mwenye duka, akanipa sabuni.

Halafu usiku umeme ulipokatika nikaingia na tochi ya simu kuchukua mshumaa. Nikasema ngoja nimtazame huyu mtu. Nimefunga kitambaa chekundu kwenye tochi ili nisimkere. Nimekaa juu ya gunia la maharagwe.

Bandugu, mchana hafanyi kitu, unamdhania kamba. Usiku yuko kazini. Kumbikumbi mmoja, wale wa mwanzo wa mvua ambao mashangazi wanawakaanga, aliingia chini ya mlango akapanda mpaka kona, akajitia kwenye nyuzi. Nilitegemea buibui amrukie kama paka. Hapana! Alimkaribia kwa ncha za miguu ya mbele, kama mtu anayepima chai ikiwa ya moto. Kiisha akageuka, akampa kisogo, na kwa miguu ya nyuma akaanza kumtupia nyuzi. Anavuta, anatupa, anavuta, anatupa. Kumbikumbi anapiga mabawa, yeye hayuko karibu hata kidogo. Mpaka akawa kifurushi. Ndipo akamsogelea kumuuma.

Mimi nimefunga magunia miaka ishirini. Yule mtu anajua kufunga.

#15 Fundi_Tofali
Nimekuona kwenye lile gunia Mama 😂 Hiyo ya kufunga kwa mbali mimi niliiona akimfanyia mkubwa kuliko yeye. Kwenye tanuru, buibui mmoja mpana, mwenye mbio, aliingia penye utando wa huyu mwembamba. Nikasema leo wa rumba amekwisha. Asubuhi mkubwa amening'inia amefungwa, miguu imekunjwa kama mwavuli, na mwembamba yuko juu yake ananyonya.

#16 Mwalimu_Ruashi
Fundi, umeona kitu ambacho watu wamesafiri mbali kukiona. Pholcidae wengi hula buibui wenzao. Urefu wa miguu ndio ufundi wenyewe: meno ya adui hayafiki, nyuzi zake yeye zinafika. Kule Australia Pholcus huua hata yule buibui mwenye mgongo mwekundu ambaye kweli ni hatari kwa binadamu. Wengi wanadhani hadithi ya sumu ilizaliwa hapo: mtu ameona mwembamba amemuua mwenye sumu, akapiga hesabu kwamba mwembamba ana sumu zaidi. Hesabu mbaya. Mtu mwenye kamba ndefu hahitaji panga kali.

Tena Pholcus njaa ikizidi huacha utando wake, huingia wa mwingine na kuutikisa kama mdudu aliyenaswa. Mwenye nyumba anatoka mbio na sahani. Anakuwa yeye chakula.

#17 Petit_Kenya
Sasa kama anakula mbu, si tutoe neti tuweke buibui?

#18 Muuguzi_Zamu
Petit. Hapana.

Neti inabaki. Buibui anakula yule mbu aliyekosea njia akapita kona ya dari. Wewe unalala chini, na mbu mmoja mwenye malaria anatosha. Sitaki kukuona hapa na homa ukinieleza habari za Smeringopus.

#19 Idi_wa_Kampemba
Ila utafiti wa mbu na buibui upo kweli. Kule Thailand mwaka 1997 walichapisha habari za Crossopriza lyoni, ndugu wa huyu, mwenye tumbo lenye pembe, anakaa ndani ya nyumba za watu na hula mbu wanaobeba dengi. Na kando ya Ziwa Victoria, Kenya na Uganda, kuna buibui mrukaji mdogo anaitwa Evarcha culicivora, alipewa jina mwaka 2003. Huyo hutafuta hasa mbu jike aliyekwisha kunywa damu. Ananywa damu yetu kwa mkono wa pili, kama anayenunua sokoni badala ya kulima. Huyo hana miguu mirefu wala hatandi wavu wa kunasia. Nimemtaja tu kwa sababu habari yake haitoki kichwani mwangu.

#20 YayaBruxelles
Swali: hapa kuna kiumbe kingine watu wanamwita jina moja na huyu, mwili wake kama pipi moja ya duara, miguu mirefu, anakaa kwenye majani bustanini. Ni yeye?

#21 Mwalimu_Ruashi
Si yeye, wala si buibui. Buibui mwili wake una sehemu mbili, huyo wa bustanini ana kipande kimoja, hatengenezi nyuzi, hana tezi za sumu. Hadithi ya sumu wamembebesha na yeye, maskini, asiye na hata tone.

#22 MamaWaUnga
Mwalimu, haraka. Yule wa kona ya kushoto amebeba kitu mdomoni. Si chakula. Ni kama kishada kidogo cha zabibu, rangi ya maziwa, punje zinaonekana moja moja. Siku ya pili leo hajaliacha. Mjukuu wangu anasema anakula ulezi.

#23 Mwalimu_Ruashi
Mayai, Mama! Hongera, una mzazi ndani ya depo.

Buibui wengi hushona mfuko mnene wa hariri, mayai hayaonekani. Wa familia hii hawapotezi uzi: wanayafunga kwa nyuzi chache tu, kisha mama anayabeba kwa taya mpaka yaanguliwe. Ndiyo maana unaweza kuyahesabu. Na fikiria, mdomo wake ndio mkono wake na ndiyo sahani yake. Akiwa ameyashika hawezi kula. Akitaka kula lazima ayatue kwanza, na mara nyingi anachagua kukaa na njaa. Usimguse wiki hizi. Akitetemeka sana anaweza kuyapoteza.

#24 Mzee_Kamalondo
Kitendawili.

#25 Petit_Kenya
Tega.

#26 Mzee_Kamalondo
Nyumba yangu haina mlango.

#27 Petit_Kenya
Yai! Ile ni ya batoto Mzee.

#28 Mzee_Kamalondo
Najua ni ya watoto. Nimekumbuka tu kwamba huyo amebeba nyumba thelathini zisizo na mlango, mdomoni, na hali. Mama, ile kona ya kushoto usiifagie kwa ajili yangu.

#29 Fundi_Tofali
Nimeandika tarehe ukutani: leo Mzee wa Kamalondo amesamehe kona.

#30 MamaWaUnga
Wiki zimepita, mvua imenipa kazi, mnisamehe ukimya.

Kwanza wajukuu. Waligundua kwamba ukimpulizia anacheza, wakawa wanaleta watoto wa kartie nzima, wanalipisha karanga kuingia. Nimekomesha. Wa kona ya kulia ndiye waliyemsumbua, sasa ana miguu saba. Anatembea vilevile.

Yule mzazi nimemwangalia kila usiku nikifunga hesabu. Kishada kilianza kuwa cheusi-cheusi kwa ndani, nikadhani kimeoza. Nikawasha tochi karibu: ni miguu. Miguu imekunjwa ndani ya kila yai, myembamba kuliko unywele wa mtoto. Siku mbili baadaye watoto wametoka, lakini hawakuondoka. Wameshikana kwenye kile kishada chenyewe, bado mdomoni mwa mama yao, kama watu wanaogombea basi. Nimejaribu kuhesabu nimefika ishirini na saba, kiisha wakasogea.

Kisha wakaanza kupanda nyuzi mmoja mmoja. Nikipumua karibu, wote wanatetemeka kwa pamoja, wadogo vile.

Usiku waliokwisha kuondoka wote, mama yao aliachia ganda. Lilianguka juu ya mizani. Nikamwona anatembea kwenye utando wake anagusa nyuzi, hapa, pale, zile zilizolegea anazikaza. Haikupita muda mrefu nondo wa mahindi akajitupa pale. Mkubwa kuliko yeye. Akageuka, akampa kisogo, akaanza kufunga. Sikwenda kulala mpaka alipoanza kula. Chai yangu ilikuwa imepoa, nimeinywa hivyo hivyo.